Muuza dawa wa pale kona ataniua, na nyote mnamjua

Wakuu, mkono unanitetemeka hapa, na leo siyo ugonjwa, ni hasira. Yule wa duka la dawa pale kona, koti jeupe kifungo kimoja, kalamu tatu mfukoni. Mnamjua. Dodoma nzima inamjua. Leo saa nne asubuhi, mbele ya watu tisa, kaniambia: "Mama, nenda kalale, pombe ikikutoka ndiyo urudi."

Pombe! Mimi! Kwa sauti waliyoisikia mpaka Bahi!

Nina miasthenia gravisi mwaka wa sita sasa. Kinga ya mwili wangu inashambulia pale msuli unapopokea amri ya neva, kwa hiyo nikiutumia msuli unaishiwa. Kope zinashuka, naona watu wawili wawili, ulimi unakuwa mzito. Kidonge changu cha mwisho nilimeza saa kumi na moja alfajiri. Piridostigimini, ndiyo hiyo dawa yangu ya kuipa misuli nguvu, inashika ndani ya nusu saa au dakika arobaini na tano, na baada ya saa tatu, nne, imeshakwisha. Nimezunguka maduka manne juani, na joto ndilo adui yangu. Nafika kaunta nimeinua kope la kushoto kwa kidole ili nimwone. Nasema "miligramu sitini", inatoka "mirigamu shichini". Ndipo akasema nenda kalale.

Hajaishia hapo. Cheti kimeandikwa kidonge kimoja mara tano kwa siku, nusu saa kabla ya kula, ili taya na koo viwe na nguvu ya kumeza. Yeye anacheka: "Dawa ni kutwa mara tatu, mara tano ni swala." Kachukua bahasha ya kaki, kaandika 1x3. Mimi na 1x3 saa mbili usiku ugali unanikwama kooni, nani atakuja kunipiga mgongo, yeye?

Nikamwomba na dawa ya UTI niliyoandikiwa. Ile hana, akanitolea sipro, antibayotiki nyingine. Nikafungua fundo la kanga nikampa karatasi yangu ya dawa za kuniepusha nazo, imekunjwa mpaka imetoboka: sipro, azuma, jenta, propranololi, sindano ya magineziamu, zote zinaweza kunilegeza mpaka kifua kishindwe kuvuta pumzi. Hakuisoma. Akaniuliza nimesomea chuo gani. Kisha akawageukia wale watu tisa: "Si nimewaambia kalewa?"

Kalewa! Sijawahi kuonja hata mvinyo wa zabibu za hapahapa kwetu!

Kijana wa Nkuhungu: Dada pole, lakini saa nne asubuhi, jicho moja limefumba, ulimi mzito... hata mimi ningekunusa kwanza 😂

Mleta uzi: Angeninusa basi! Hakuninusa! Alitangaza!

Mama Tunu: Huyo huyo alimpa mwanangu dawa ya minyoo wakati tumefuata ya kikohozi. Tulipomrudia akasema minyoo nayo inakohoza.

Nesi mstaafu: Mwanangu, sikiliza. Hasira zisikufanye uongeze vidonge kufidia. Piridostigimini ikizidi nayo inalegeza, ndiyo watu wanapochanganyikiwa. Ukiona mate yanajaa, machozi, tumbo linakata, unaharisha, misuli inacheza chini ya ngozi, usimeze kingine, nenda hospitali. Prednisoloni unatumia?

Mleta uzi: Shikamoo. Natumia, pamoja na azathiopirini, zote za kutuliza hiyo kinga. Damu napima.

Nesi mstaafu: Marahaba. Prednisoloni usije ukaikata ghafla hata akikwambia nani. Na kifua kikibana usisubiri asubuhi.

Mzee wa Kondoa: Kope kushuka upande mmoja ni kijicho cha watu. Kuna mzee huku...

Nesi mstaafu: Mzee mwenzangu, hebu tupishe.

Fundi Chang'ombe: Mimi pale kona simsamehei kwa chenji. Kila siku "chenji sina, chukua Panadol". Nina Panadol za kufungua zahanati.

Mama Tunu: Heee! Kumbe siyo mimi peke yangu! Mie ananipa pipi, tena zimeyeyuka.

Kijana wa Nkuhungu: Afadhali pipi. Konda wa Ipagala anasema "shuka na huyu mgawane". Huyo wa kugawana naye nikamfukuza mpaka soko la Majengo.

Mleta uzi: Jamani, kaniita mlevi mbele ya watu tisa! Bahasha hii hapa imeandikwa 1x3!

Fundi Chang'ombe: Makonda wanazificha makusudi. Mia mia zinalala kwenye soksi zao.

Mama Tunu: Na nyanya nazo Sabasaba mafungu yamepungua, nne ndogo kama zabibu.

Mleta uzi: Sipro, jamani! Angeniua!

Fundi Chang'ombe: Pole dada. Lakini chenji yako alikupa?