Mjadala: Kuba la buluu la Samarkand, ni ukarabati au ni uongo?

Mleta mada: Wakuu, picha za Samarkand, mji wa kale wa Uzbekistan, karibu zote ni moja: uwanja wa Registan, madrasa tatu zimetazamana, na kuba la buluu kwa mbali. Nilidhani lile kuba lina karne nne. Kumbe! Madrasa yenyewe, Tilya-Kori, ni ya 1646 hadi 1660, lakini kuba lake la nje halikuwahi kumalizika. Kwenye picha za zamani unaona paa tu. Hilo la buluu waliliweka Wasovieti miaka ya 1970. Msikiti wa Bibi-Khanym ndiyo usiseme: ulikuwa gofu, tetemeko la 1897 likaumalizia, na leo unang'aa kama umefunguliwa juzi. Mimi nasema bora gofu la kweli.

Mchangiaji wa 1: Gofu la kweli linawaangukia watu, mkuu. Mnara wa madrasa ya Ulugh Beg, moja ya zile tatu za Registan, ulikuwa umeinama. Mwaka 1932 ukanyooshwa kwa mbinu ya mhandisi Vladimir Shukhov. Wangeuacha udondoke ili wewe upate ukweli wako? Na hiyo Bibi-Khanym, Timur mwenyewe, mtawala aliyeijenga, alirudi kutoka vitani akakuta lango ni fupi, akaamuru livunjwe lijengwe upya. Ipi basi ndiyo ya asili?

Mchangiaji wa 2: Naunga mkono. Kaburi la Imam Bukhari, yule mkusanyaji wa hadithi za Mtume, liko Khartank, nje ya Samarkand. Alifariki mwaka 870, majengo makubwa juu yake yakajengwa 1998. Anayekwenda kuzuru hata haulizi umri wa matofali.

Mchangiaji wa 3: Mnagombania kuba, ukuta hamuuoni. Kutoka Registan hadi Bibi-Khanym kuna barabara ya waenda kwa miguu: pana, safi, maduka ya zawadi. Pembeni wamejenga ukuta unaoficha mitaa ya zamani, ile wanayoiita mahalla. Penya kwenye kimlango kimoja tu, uko dunia nyingine: vichochoro, kuta za udongo, mabomba ya gesi yamepita juu ya milango, watu wanaongea Kitajiki. Mji wenyewe ni hao. Mtalii anapita hatua kumi kutoka kwao bila kujua kama wapo.

Mchangiaji wa 4: Hilo nalo si jipya. Balozi wa mfalme wa Kastilia (Hispania ya leo), Clavijo, alikuwapo mwaka 1404 na ameeleza jinsi Timur alivyotaka barabara ya maduka ikatize mji. Nyumba zilivunjwa, wenye nyumba wakikimbia na walichoweza kubeba, kazi usiku na mchana, siku ishirini ikaisha. Wazee wa dini walipomwombea raia fidia, akafoka kwamba mji ni wake, kaununua kwa pesa zake. Kwa hiyo bomoabomoa ndiyo mila yenyewe hapo, hahaha.

Mleta mada: Wa 1, kwenye mnara umenishinda. Wa 4, umenichekesha, ila soma tena ulichoandika. Timur alivunja nyumba, dhuluma tupu, lakini alivunja ili soko liingie katikati ya mji. Huu ukuta unawatoa watu kwenye njia. Samarkand ilikuwa mji wa wachuuzi tangu kabla ya Timur na makuba yake: kuna barua ya karne ya nne ya mfanyabiashara wa Kisogdi, yaani wenyeji wa kale wa eneo hilo, ilipelekwa Samarkand ikaishia njiani, mwanaakiolojia Aurel Stein akaiokota mwaka 1907 karibu na Dunhuang, China. Ndani yake anazungumzia miski na fedha za yatima. Hayo ndiyo maisha ya mji, na warithi wake leo nawaona soko la Siab, ubavuni mwa Bibi-Khanym, wanapouza mikate ya duara iliyogongwa muhuri katikati. Kuba sina tena ugomvi nalo. Ila nani atanitetea huo ukuta? Wa 1, uko wapi?