MREJESHO: Maveterani wetu wa Mtwara wamerudi uwanjani

Wakuu, niliuliza tufanyeje ili wachezaji wa zamani wa timu yetu ya mtaa, huku Shangani, wasiishie kuonana misibani tu. Ule ushauri wenu wa kucheza mechi za dakika 20 kila kipindi, na kubadilisha wachezaji bila kikomo, umetusaidia mno. Jumapili beki wetu wa zamani, sasa ana wajukuu, alivaa njumu za kuazima akaifuata kona kwa kichwa, wavuni! Vijana walimbeba juu juu, mzee akatokwa machozi.

Presha tunapima kwanza, mke wa kipa wetu ni muuguzi. Mfuko wa kufa na kuzikana umeanza. Wenzetu wakulima wameomba walipe michango yao baada ya kuuza korosho, na naona ni haki kabisa. Waliohamia Dar wanatuma kwa simu. Sasa tunapanga maveterani wawanoe watoto jioni. Asanteni sana.