Tupeane uzoefu: nadhiri yako iliwagusaje watu wa nyumbani?

Ndugu zangu, salaam. Katika Biblia, Kumbukumbu la Torati 23 inasema wazi kwamba anayejizuia asiweke nadhiri hana dhambi, ila aliyeiweka asilegee kuiondoa. Hilo wengi tunalijua. Linalosahaulika ni kitabu cha Hesabu, sura ya 30, ambapo mume anaweza kuitangua nadhiri ya mkewe siku ile anayoisikia. Akinyamaza, nadhiri inasimama, na akiitangua baadaye anauchukua uovu wa mkewe. Kwa maoni yangu sheria hiyo (ya zama zake, nakubali) inatambua kwamba nadhiri ya mtu mmoja hulipwa na nyumba nzima. Hata Hana, aliyemweka nadhiri mwanawe Samweli, aliposema atampeleka mbele za Bwana akishaachishwa ziwa, mumewe Elkana alimwambia afanye aonavyo vema. Anayeweza na asimulie.

Mchangiaji wa kwanza:
Mama mkwe wangu aliahidi kutoa mtamba kanisani mwanawe akipona. Alipopona, shemeji zangu wakapendekeza upelekwe ng'ombe mzee aliyekauka maziwa. Mama akawasomea Malaki 1:14, palipolaaniwa mwenye dume zizini anayeweka nadhiri kisha akatoa mnyama mwenye kilema, halafu Walawi 27, isemayo kwamba mnyama wa nadhiri akibadilishwa, yeye na aliyewekwa badala yake wote wawili wanakuwa watakatifu. Waliposikia kwamba wangepoteza ng'ombe wawili, mtamba ulitolewa siku hiyohiyo.

Mchangiaji wa pili:
Kwetu Waislamu tumeonywa kwamba nadhiri haibadilishi kadari, bali kwayo bakhili hutolewa mali; hata hivyo ikishawekwa katika jambo la utii ni deni. Mama yetu alifariki akidaiwa funga ya nadhiri. Sheikh alitukumbusha kwamba Saad bin Ubada alimuuliza Mtume kuhusu nadhiri ya mamake aliyefariki kabla ya kuitimiza, akaambiwa amtimizie. Dada yetu mkubwa ndiye aliyeifunga, nasi tukawa tunamwandalia futari.

Mchangiaji wa tatu:
Nilimwambia mume wangu kwamba mshahara wangu wa kwanza nimeuwekea nadhiri, akanyamaza. Kodi ya nyumba ilipofika ndipo akasema hakukubali. Nilimwonyesha hiyo Hesabu 30, mshahara ukaenda madhabahuni, na mwenye nyumba akatuvumilia kwa manung'uniko. Naomba wenye elimu wanijibu: mke anapokuwa na kipato chake mwenyewe, je, ukimya wa mume una uzito uleule?