Mbegu au mche wa kubebesha? Nataka kuamua kabla ya Jumamosi

Bustani_Ndogo: Wakuu, salaam. Nimekula tunda tamu ajabu, mbegu yake nimeiosha na kuianika dirishani. Mke wangu anasema niache utoto, ninunue mche wa kubebesha, yaani mche wa chini uliounganishwa kitawi cha mti mwingine mzuri juu yake. Kipi bora?

Jembe_Butu: Tunda gani mkuu? Tupige ramli?

Mama_Chipukizi: Na nafasi je, uwanja au ndoo barazani?

Bustani_Ndogo: Samahani, parachichi. Nafasi ipo, nyuma ya nyumba.

Mama_Chipukizi: Parachichi umelianikia nini tena! Mbegu yake ikikauka imekufa, sawa na kokwa la embe. Toa juani leo leo.

Fundi_Kisu: Kanunue mche. Mparachichi wa mbegu haufuati mama yake, na utangoja miaka 7, pengine 10. Wa kubebesha 3 au 4 unachuma. Ingekuwa embe ningesita, kwani kuna aina ambazo kokwa moja hutoa miche kadhaa, na mingi hufanana na mama.

Jembe_Butu: Fundi, Hass yenyewe, ile aina maarufu ya parachichi, ilitoka kwenye mbegu! Rudolph Hass aliipanda kule California, akapata hataza (haki ya kisheria ya kuimiliki) mwaka 1935.

Fundi_Kisu: Na wangapi wamepanda wakaambulia kuni?

Kaka_Mpole: Hata wa kubebesha usilale. Wangu nilinunua mwenyewe, una kovu zuri la kiungo. Mvua zilipoanza, machipukizi yakafumka chini ya kovu, manene, yananawiri. Nikafurahi! Nikayafungia mti yaegemee, nikawaita na majirani waone. Kitawi cha juu kikawa kinanyong'onyea, nikadhani kina baridi. Kikakauka, nikakikata kwa mkono wangu. Mwaka wa 8 tukachuma: vitunda kama mayai, mbegu imejaa tumboni, nyama nyuzi tupu. Kumbe miaka yote nalea mche wa chini, ule uliobeba. Aliyeniuzia hana kosa, hakuna aliyenituma nisiulize.

Mama_Chipukizi: Pole kaka. Chochote kinachochipua chini ya kiungo ni kukwanyua kikiwa kichanga.

Papai_Tu: Mnajitesa. Pandeni mpapai, mwaka haupiti mnakula. Weka miche mitatu shimo moja, ikitoa maua ng'oa madume.

Jembe_Butu: Dume nalijua tangu kwenye mbegu.

Papai_Tu: Kwa macho? Huo uongo.

Jembe_Butu: Babu yangu alikuwa hakosei.

Papai_Tu: Babu alikuwa anang'oa usiku hujaamka.

Fundi_Kisu: 😂 Turudini. Bustani, ukishikilia mbegu, achana na kuining'iniza kwenye glasi ya maji kwa vijiti vya meno. Izike nusu kwenye udongo usiotuamisha maji, upande bapa chini, ncha juu. Maji yakituama mizizi inaoza.

Mama_Chipukizi: Glasi ina raha yake, watoto wanaona mzizi ukishuka.

Bustani_Ndogo: Nimeitoa dirishani. Ina ufa katikati. Inaota au ndiyo imekufa?

Jembe_Butu: Imekaa juani siku ngapi?