Celica mpya: injini mbele au katikati, na pua itakuwaje?

KatweTwinCam (mwenye mada)

Wazee, habari za jioni. Michoro ya Celica mpya, gari la michezo la Toyota, imejaa kila kundi la magari, na hakuna miwili inayofanana. Mmoja una boneti ndefu kama ya Supra, mwingine umekatwa pua kama MR2 (Toyota ya injini katikati), wa tatu umerudishiwa taa nne za duara za ST205 (Celica ya miaka ya 1990). Yote ni kazi ya mashabiki, si ya Toyota.

Kilicho wazi ni kidogo. Hiroki Nakajima, mkuu wa teknolojia wa Toyota, alisema hadharani kwenye Rally Japan ya Novemba 2024 kwamba Celica wanaitengeneza. Januari 2025, Tokyo Auto Salon, wakaonyesha GR Yaris M Concept: bodi ya Yaris, lakini injini mpya ya G20E, silinda nne, lita 2, yenye tabo (turbo), imehamishiwa nyuma ya viti. Tangu hapo watu wameapa kwamba Celica nayo ni injini katikati.

Kwetu Uganda si mazungumzo ya kupitisha muda tu. Celica ya mwisho ilitoka kiwandani 2006, na tangu 2018 gari la miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa halisajiliwi likiingizwa nchini. Celica za zamani, ST185 na ST205, zilizopo ndizo hizo, hazitaongezeka. Atakayetaka Celica nyingine atangoja hii. Kwa hiyo nauliza: picha za kwanza za majaribio zikitoka, tutajuaje injini iko wapi bila kungoja kampuni iseme? Na mpangilio upi utavumilia barabara zetu?

---

Msoma_Mchoro

Ssebo, chukua rula. Gari la majaribio huvikwa stika za michoro na vipande vya plastiki, na hivyo vinadanganya kuhusu bampa, taa na mistari ya ubavuni. Lakini havihamishi ekseli wala havihamishi mlango, na hivyo viwili vinatosha.

Rula yenyewe ni tairi. Ukiweza kusoma namba ubavuni mwake, tuseme 235/40R18, piga hesabu: rimu ni 18 × 25.4 = milimita 457. Ukuta wa tairi ni asilimia 40 ya 235, yaani 94, mara mbili kwa kuwa uko juu na chini, 188. Jumla 645. Sasa pima kwenye picha upana wa duara la tairi, kushoto hadi kulia, kwa pikseli, kisha pima kutoka katikati ya rimu ya mbele hadi katikati ya rimu ya nyuma. Tairi likiwa 200 na ekseli hadi ekseli 810, gawanya upate 4.05. Zidisha kwa 645: kama milimita 2,612.

Hata bila kusoma namba ya tairi, ule uwiano peke yake unakupa picha. GR Yaris (ekseli hadi ekseli 2,560, tairi 225/40R18) iko kwenye 4.02. GR86 (2,575, tairi 215/40R18) ni 4.09. ST205 (2,535, tairi 215/50R16) ni 4.08. Ile Celica ya mwisho ya T230 (2,600, tairi 205/50R16) inafika 4.25, ndiyo maana inaonekana ndefu na matairi yake yanaonekana madogo. Mchoro wa shabiki ukitoa 3.6, jua amekuza rimu ili gari lipendeze. Ni ugonjwa wao wote.

Pima tairi kwa upana, usipime kwa urefu. Chini limebonyea kwa uzito wa gari, na juu mara nyingi limefichwa na upinde wa bodi. Kipimo cha upana kina faida nyingine: picha ikipigwa kwa kuegemea upande kidogo, tairi na umbali wa ekseli hupungua pamoja, kosa likajifuta. Ila dereva akiwa amekata usukani, achana na tairi la mbele, tumia la nyuma. Na picha ya simu iliyopigwa karibu itupe. Lenzi pana huvuta pua na mkia, utapata gari ambalo halipo.

Ukishamaliza hapo, tazama nafasi kati ya ukingo wa mbele wa mlango na upinde wa gurudumu la mbele. Gari la injini mbele linalosukuma nyuma, kama GR86, lina nafasi kubwa pale, kwa sababu injini imerudishwa nyuma. Injini katikati, mlango unasogea mpaka karibu kugusa gurudumu la mbele, na nafasi kubwa inahamia nyuma ya mlango. Mtego uko hapa: injini ya mbele iliyolala kwa upana, kama Yaris, Corolla na Celica zote za GT-Four (zinazosukuma magurudumu yote), nayo ina nafasi ndogo mbele ya mlango. Wengi wataiona wapige kelele "katikati!" Hapo angalia pua inayotokeza mbele ya gurudumu. Injini iliyolala kwa upana inakaa juu ya ekseli au mbele yake, na rejeta iko mbele ya injini, kwa hiyo pua lazima iwe ndefu. Mlango karibu na gurudumu, pua fupi, na mdomo wa kuvuta hewa nyuma ya mlango: hiyo ndiyo injini katikati. Likikosa moja katika hayo, usiape.

---

Jinja_3SGTE

Namuunga mkono Msoma_Mchoro, ila wenye kudai katikati nawauliza: mkiweka injini katikati, MR2 mtaiita nini? Toyota ina jina tayari la gari hilo. Celica tangu 1970 ni injini mbele, vizazi vyote saba. Kilichobadilika ni magurudumu yanayosukuma: nyuma hadi 1985, kisha mbele, na GT-Four magurudumu yote.

M Concept mimi naisoma kama meza ya majaribio. Ukitaka kuitesa injini mpya na kujifunza uzito wa nyuma, unachukua bodi uliyo nayo. Haimaanishi kwamba kila gari litakalobeba G20E litakuwa na mpangilio huo.

Kinachonivutia kwenye hiyo injini ni kimo. Toyota ilipoeleza injini hizi mpya Mei 2024, ilisema ile ya lita 2 yenye tabo ni ndogo kwa takriban asilimia 10, kwa ujazo na kwa kimo, kuliko tabo yao ya lita 2.4. Kwa mchoraji hiyo ni zawadi. Sheria za kumkinga mtembea kwa miguu zinataka boneti iwe na nafasi ya kubonyea kabla kichwa cha mtu hakijafika kwenye chuma kigumu cha injini. Injini ikishuka, boneti inashuka nayo. Pua ya chini inawezekana tena bila kuihamisha injini, na ndiyo sababu siamini kwamba "sura ya chini" ni ushahidi wa katikati.

Halafu wale wa matundu ya boneti na bawa lililoinuliwa. Vitu vile kwenye ST185 na ST205 havikuwa pambo. Kanuni za rali za Kundi A zilidai gari la barabarani litengenezwe kwa wingi ndipo la mashindano likubalike: ST185 RC ilitoka 5,000, ST205 ya WRC 2,500. Kama timu ilitaka interkula (kipoza hewa ya tabo) ya maji, mteja wa kawaida aliuziwa interkula ya maji. Kanuni za WRC (mashindano ya dunia ya rali) za 2027 zinaruhusu fremu ya mabomba na bodi inayovalishwa juu, gari lote lisizidi euro 345,000. Gari la rali halilazimishi tena gari la dukani kufanana nalo chini ya ngozi. Kwa hiyo hata Toyota ikikimbiza kitu chenye sura ya Celica, msikichukue kama ramani ya gari la dukani. Ni sura tu.

Utabiri wangu: injini mbele kwa upana, mfumo wa GR-Four wa kusukuma magurudumu yote, milango miwili, na boneti fupi kuliko mnavyoichora.

---

Ntinda_Boxer

Katikati. Nawasubiri hapa hapa.

---

Mbarara_Murramu

Mmebishana sura, sasa tulete gari Mbarara.

Tuanze na hewa. Kampala iko kwenye mita kama 1,200, shinikizo la hewa ni kama kilopaskali 88 badala ya 101 za baharini. Injini isiyo na tabo inapoteza karibu asilimia 13 papo hapo. GR86 yenye nguvu za farasi 235 kwenye karatasi hapa inabaki na kama 205. Yenye tabo inajitetea, ila kwa gharama. Chukua tabo inayotaka bar 1.5 juu ya hewa ya kawaida, yaani kilopaskali 251 kamili. Baharini inazidisha hewa mara 2.5. Kampala mara 2.85. Ukifika Kabale, karibu mita 2,000, ni zaidi ya mara 3. Tabo inazunguka kwa kasi zaidi, hewa inatoka na moto zaidi, na interkula ndiyo inayolipa deni. Kwa hiyo mimi pua naitazama kwa tundu lake: upana wa mdomo, na kama hewa ina njia ya kutokea nyuma ya rejeta. Mdomo mkubwa usio na pa kutokea ni urembo.

Lakini usidhani kompyuta itaikubalia tabo kila inachotaka. Gari la Japani lililopangiwa mafuta ya oktani 100 likinyweshwa mafuta ya pampu ya kawaida huku, injini inaanza kugonga, kompyuta inarudisha nyuma muda wa cheche, nguvu inashuka na eksosi inapata moto. Dalili ya kwanza ni mlima mrefu kwa gia ya tatu: gari linavuta vizuri dakika moja, kisha linalegea bila taa yoyote kuwaka. Hiyo siyo tabo mbovu. Usiibadilishe. Weka mafuta ya daraja la juu ya pampu, kagua plagi na hozi za interkula kwanza.

Injini katikati kwenye vumbi letu ina kero mbili. Midomo ya ubavuni iko usawa wa vumbi linalorushwa na gurudumu la mbele, kwa hiyo filta ya hewa inayodumu kilomita 10,000 kwenye lami itajaa nusu ya safari hiyo kwenye murramu (barabara ya udongo). Ya pili ni maji. Rejeta mbele, injini nyuma, mabomba marefu chini ya sakafu: hewa ikinaswa humo, geji inaonyesha sawa huku kichwa cha injini kinaiva. MR2 SW20 ina vali mbili za kutolea hewa mbele, moja ya rejeta na moja ya hita. Fundi asiyezijua anajaza maji juu, anafunga kifuniko, na kesho gasketi ya kichwa imeondoka. Namna yake ni hii: hita iwe kwenye moto wote, fungua vali zote mbili, ziunganishe na mipira ya plastiki angavu iliyoning'inizwa juu kuliko mdomo wa kujazia, mimina polepole mpaka maji kwenye mipira yasimame bila mapovu, ndipo uwashe. Injini ikiwa ya moto usifungue chochote.

Na matuta. GR86 ina milimita 130 chini ya tumbo. Abiria wawili na tangi likijaa, nyuma inashuka sentimita mbili au tatu. Tuta la milimita 100 lililojengwa na wanakijiji kwa saruji, lenye ncha, tayari linagusa. Pua nayo: ukingo wa chini wa bampa ukiwa milimita 150 kutoka ardhini na pua imetokeza 850, pembe ya kupanda ni kama digrii 10. Ipunguze pua iwe 750, unapata 11 na kidogo. Ndiyo maana pua ndefu inayokuja na injini ya upana ya Jinja_3SGTE inanitia wasiwasi kuliko injini yenyewe.

---

KatweTwinCam

Mbarara, hapo nimekupata. Na hiyo GR-Four, ikija, klachi ya nyuma inakufa kwa nini? Kule kwenye duka za spea za Kisekka kila mtu ana jibu lake.

---

Mbarara_Murramu

Matairi, karibu kila mara. Klachi ile ni ya sahani nyingi, inabanwa na umeme kadiri kompyuta inavyotaka. Ukiweka tairi mbili mpya mbele zenye milimita 8 za kukanyagia na kuacha nyuma zenye 3, vipenyo vinatofautiana milimita 10. Kwenye tairi la 645 hiyo ni asilimia 1.5, na sahani zinasuguana muda wote, hata unapoenda moja kwa moja kwenye barabara ya Entebbe. Mafuta yanaiva, kompyuta inakata magurudumu ya nyuma, watu wanasema "four imekufa". Badilisha manne pamoja, chapa moja, au zungusha mbele na nyuma kila kilomita 8,000 ili yaishe sawa. Ukitobolewa moja likafa, tafuta lililotumika lenye kimo ndani ya milimita 2 ya mengine.

---

Jinja_3SGTE

Ongeza: usilivute gari la aina hiyo magurudumu mawili yakiwa chini. Gari la kubeba lenye kitanda, au usilisogeze.

Bei nayo muanze kuihesabu sasa. Ushuru asilimia 25 juu ya thamani ya gari, bima na usafiri hadi bandarini, kisha VAT asilimia 18 juu ya jumla hiyo: tayari ni asilimia 47.5 kabla ya tozo nyingine kuingia.

---

Msoma_Mchoro

Ntinda_Boxer, picha ya ubavu ya kwanza ikitoka nitaweka vipimo hapa: ekseli hadi ekseli, mlango hadi upinde, na pua. Ukileta mchoro wa shabiki badala ya picha, nitakupimia rimu kwanza.