Tupeane uzoefu: siku uliporusha hewani wimbo mpya wa msanii anayejitegemea

Mwanzisha mada

Ndugu zangu watangazaji, mafundi, wanamuziki na wasikilizaji, naomba tukusanye hapa yaliyotupata sisi wenyewe katika kazi ya kupiga muziki mpya wa wasanii wanaojitegemea kwenye redio za jamii. Ninachoomba ni tukio moja kwa kila mchangiaji: wimbo ulikufikiaje, uliutambulishaje, nini kikaharibika au kikafana, na tangu siku hiyo umebadilisha nini.

Naanza na langu. Kipindi changu ni cha saa moja kwa wiki na nakiendesha kwa kujitolea, kama wengi wetu. Mwaka wa kwanza nilipima mafanikio kwa wingi wa nyimbo. Nyimbo 18 za dakika tatu tatu hujaza dakika 54, na dakika 6 zinazobaki nilizigawa kati ya utambulisho wa kituo na salamu, hivyo wasanii walitajwa kwa mkupuo, majina matano au sita kwa pumzi moja, baada ya nyimbo zao kwisha. Usiku mmoja, nilipozima tu maikrofoni, simu ya studio ililia. Mpigaji alisema ameegesha gari kando ya barabara ili asikilize wimbo fulani hadi mwisho, wimbo wa mwanamke aliyeimba karibu bila ala, na alitaka kujua jina la mwimbaji. Nilitazama karatasi yangu, nikakuta mstari mmoja tu: «CD ya posta, namba 7.» Bahasha ilikuwa imekwisha kutupwa. Nilimwambia sijui. Alinyamaza kidogo, akanishukuru, akakata simu.

Siku hizi sizidishi nyimbo kumi, na kila msanii namtaja kabla ya wimbo na baada yake. Lakini ile simu bado inanikaa moyoni, na ndiyo iliyonifanya nianzishe mada hii. Karibuni.

Fundi mitambo

Mimi nitaeleza yanayoonekana upande wa pili wa kioo. Msanii mmoja alituletea wimbo aliourekodi chumbani kwake, na tulipousikiliza kwa hedifoni ulitushangaza kwa uzuri, kwa maana sauti yake ilitanda pande zote mbili za kichwa. Mtangazaji akaupanga uwe wa kwanza. Mezani kwangu huwa naweka redio ndogo ya spika moja ili nisikie kile anachosikia mtu wa kawaida. Wimbo ulipoanza, gitaa lilikuwepo, ngoma zilikuwepo, mwimbaji hakuwepo. Kilichosalia cha sauti yake kilikuwa mwangwi hafifu, kama wa mtu anayeimba chumba cha pili na mlango umefungwa.

Redio ya spika moja huijumlisha sauti ya kushoto na ya kulia. Msanii yule, katika kuutafuta ule upana, alikuwa ameinakili sauti yake upande wa pili na kuyapindua mawimbi yake juu chini; wimbi la kushoto likipanda, la kulia linashuka, na ukiyajumlisha yanafutana. Redio ya gari lililo mbali na mnara nayo hufikwa na jambo hilohilo, kwa sababu mawimbi ya FM yanapodhoofika redio nyingi huhama zenyewe kutoka stereo (sauti ya pande mbili) kwenda mono (pande zote zikijumlishwa kuwa moja) ili kupunguza mkwaruzo. Kwa hiyo watu waliokosa sauti ile hawakuwa wachache. Nilimwandikia msanii usiku uleule, akairekebisha kwa kugeuza upande mmoja, na wiki iliyofuata tuliurusha tena tukieleza kwa nini. Tangu hapo kila wimbo unaoingia kituoni petu tunausikiliza kwa stereo, kisha tunabonyeza kitufe cha mono kwenye meza ya kuchanganyia sauti na kuusikiliza tena.

Naongeza moja kwa wanaotuma faili. FM hubeba sauti hadi kilohezi 15 tu, kwa hiyo msihangaike na mng'aro wa juu kupita hapo, lakini tafadhali tumeni WAV au FLAC, aina za faili zisizopoteza sehemu ya sauti. MP3 ya kilobiti 128 imekwisha kupunguzwa, na inapopunguzwa tena kwa ajili ya matangazo ya intaneti, matoazi huanza kusikika kama maji yanayochemka.

Mtangazaji wa zamu ya usiku

Kosa langu lilikuwa la maneno. Nilipokea wimbo katika lugha nisiyoijua, wenye mdundo mchangamfu na makofi, nikautambulisha kwa furaha nikisema huu ni wimbo wa kukufungulia mwisho wa wiki. Katikati ya wimbo msikilizaji alituma ujumbe akisema, kwa upole ambao sikuustahili, kwamba mwimbaji anamlilia mdogo wake aliyefariki, na kwamba makofi yale ni ya waombolezaji. Wimbo ulipokwisha niliomba radhi hewani, nikausoma ujumbe wake, nikaurudia wimbo wote kuanzia mwanzo ili wasikilizaji wausikie sasa wakijua wanachosikiliza. Kipindi kilipitiliza ratiba kwa dakika nne, na aliyenipokea zamu hakuninung'unikia.

Sasa ninaomba mambo matatu kutoka kwa kila msanii kabla sijapanga wimbo wake. La kwanza ni muhtasari wa maneno, hata kama ni sentensi mbili. La pili ni faili yenye jina la msanii na la wimbo, kwa sababu kwenye kompyuta ya studio nina nyimbo zaidi ya moja zinazoitwa «mpya ya mwisho kabisa». La tatu ndilo ninalolipenda zaidi: rekodi ya sekunde tano ya msanii akilitamka jina lake mwenyewe. Niliwahi kulitamka vibaya jina la mwimbaji mmoja kwa wiki tatu mfululizo, naye hakusema kitu kwa kuogopa kwamba nitaacha kumpigia wimbo. Hilo liliniumiza kuliko kosa lenyewe.

Mwanamuziki

Naandika kutoka upande wa anayetuma. Wimbo wangu wa kwanza kupigwa redioni niliusikiliza kwa intaneti, nimekaa sakafuni na mama yangu, simu ikiwa katikati yetu. Mtangazaji alinitambulisha vizuri sana. Kisha, zikiwa zimebaki sekunde 20, pale ambapo ala zote hunyamaza na kubaki zeze peke yake, akaanza kuzungumza juu yake kutangaza kipindi kinachofuata. Mahali pale nilipahangaikia kwa miezi miwili. Watangazaji, ninawaomba: msiposikiliza mwisho wa wimbo kabla ya kipindi, hamwezi kujua kama mwisho wake ni mkia wa kukatwa au ndio moyo wake.

Jambo la pili ni la mirabaha, yaani malipo ya wenye haki wimbo unapotumika, na hapa kosa lilikuwa langu. Kituo kilikuwa kinaandika orodha ya kila wimbo uliopigwa na kuipeleka kwenye chama cha kukusanya mirabaha, kama inavyotakiwa, lakini mimi sikuwa nimesajili nyimbo zangu popote, kwa hiyo jina langu lilifika pale bila kuwa na mahali pa kukaa. Nimejifunza kwamba haki ni mbili. Ipo haki ya aliyetunga maneno na muziki, na ipo haki ya aliyeimba pamoja na anayemiliki rekodi. Mkataba wa kimataifa wa Roma wa mwaka 1961 ulitambua katika kifungu chake cha 12 kwamba rekodi ya kibiashara inaporushwa hewani waimbaji, au wenye rekodi, au wote wawili, walipwe, lakini uliziachia nchi nafasi ya kukikataa kifungu hicho. Nchini Marekani, kwa mfano, redio ya kawaida ya masafa humlipa mtunzi na haimlipi mwimbaji. Kwa hiyo ulizeni sheria ya kwenu kabla ya kutuma wimbo, na ombeni namba ya ISRC, ile ya herufi na tarakimu 12 inayoitambulisha rekodi moja pekee, kisha iwekeni ndani ya faili. Mtangazaji anayeandika orodha saa sita usiku atawashukuru.

Mratibu wa vipindi

Nashukuru kwa mchango uliotangulia, maana orodha hizo ndizo vita vyangu vya kila siku. Langu lakini linahusu uaminifu. Meneja wa msanii mmoja alifika kituoni na bahasha, akasema ni «mchango kwa ajili ya kituo», kisha akauliza wimbo utapigwa mara ngapi kwa wiki. Mtangazaji wetu, kijana mwenye miezi minne tu kazini, alikuja mbio ofisini kwangu na mikono inatetemeka. Tulimrudishia mgeni bahasha yake tukiwa wawili, tukamweleza kwamba wimbo utasikilizwa na jopo la watu watatu kama nyimbo nyingine zote. Ulisikilizwa, ukapigwa, kwa sababu ulikuwa mzuri. Hilo nalo lilikuwa gumu kulieleza, lakini kuunyima nafasi wimbo mzuri kwa kosa la meneja kungekuwa kumwadhibu msanii.

Hongo ya kupigiwa wimbo si jambo jipya. Bunge la Marekani lilichunguza kashfa yake mwishoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1960 sheria ikabadilishwa kuzuia malipo ya namna hiyo yasiyotangazwa kwa wasikilizaji. Redio ya jamii inapaswa kuwa na masharti makali zaidi ya hayo, kwa kuwa tunaishi kwa imani ya wanaotuchangia. Kituo cha redio cha KPFA cha Berkeley, Marekani, kilipoanza kurusha matangazo mwaka 1949 kwa kutegemea fedha za wasikilizaji badala ya matangazo ya biashara, lengo lilikuwa hasa kwamba asiwepo mtu wa nje wa kuamua kinachosikika. Bahasha ile, ingepokewa, ingeturudisha palepale.

Hatari iliyofichika zaidi ni urafiki. Watangazaji wengi wa vipindi hivi ni wanamuziki wenyewe au ndugu wa wanamuziki, na siwezi kuwakataza kuwapiga watu wanaowafahamu, kwani ndiko muziki mpya unakotokea. Sharti letu ni kwamba aseme hewani: «huyu ni rafiki yangu,» au «hapa napiga besi mimi.» Wasikilizaji hawajawahi kulalamika kwa kuambiwa. Walilalamika mara moja tu, walipofichwa.

Msikilizaji

Mimi si mtangazaji, nina daftari tu. Naandika jina la kila msanii ninayempenda ninaposikia kipindi, kisha naenda kununua kazi yake moja kwa moja kwake. Mtangazaji akitaja jina mara moja tu, na kalamu iko mbali, limepotea. Tajeni mara mbili, na mseme linavyoandikwa.

Mtangazaji wa kipindi cha asubuhi

Kuna jambo sijaona likitajwa, nalo ni kurudia. Tunajivunia kupiga vitu vipya kila wiki, lakini wimbo unaopigwa mara moja, kwa wasikilizaji ambao nusu yao wanaoga au wako njiani, haujapata nafasi ya haki. Redio kubwa hurudia wimbo hadi watu wauimbe bila kutaka. Sisi tunautoa mara moja kisha tunashangaa msanii halijui soko na soko halimjui. Nilipobadilisha utaratibu, nikawa napiga wimbo mpya mmoja wiki tatu mfululizo ukiwa katikati ya nyimbo nyingine, ndipo ujumbe ulipoanza kuja ukiuliza habari za wasanii kwa majina, wala si «ule wimbo wa juzi».

Wapo waliotutangulia katika hili. Marehemu John Peel, aliyetangaza BBC Radio 1 tangu mwaka 1967 hadi alipofariki mwaka 2004, aliupiga wimbo wa bendi changa ya The Undertones mara mbili mfululizo mwaka 1978, wakati rekodi yao ilitoka kwa lebo (kampuni ya rekodi) ndogo ya Belfast. Muda mfupi baadaye bendi ile ikapata mkataba na lebo kubwa. Nilipolijua hilo niliacha kuona aibu ya kusema hewani, «Wimbo huu nitaurudia sasa hivi.» Nimefanya hivyo mara mbili tu katika miaka yangu yote, kwa sababu ukifanya kila wiki halina uzito tena.

Mwanzisha mada

Nimesoma kila mchango, na ule wa fundi mitambo ulinikumbusha kwamba kituo chetu hurekodi matangazo yote na kuyahifadhi. Sijui kwa nini sikuwahi kulifikiria. Jana usiku nilikaa na mhifadhi wetu wa kumbukumbu, tukaitafuta saa ile, na dakika ya 41 nikamsikia: sauti ya mwanamke, kinubi kwa mbali, na mahali fulani nyuma mlango unafunguliwa na kufungwa, jambo linaloonyesha kwamba alirekodi nyumbani. Mwishoni nikajisikia mwenyewe nikiingia juu ya pumzi yake ya mwisho na kutaja majina matano, na la kwake halimo.

CD yenyewe tumeikuta kwenye sanduku la chini kabisa kabatini. Imeandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu neno moja tu, «Sikiliza», na namba 7 niliyoiandika mimi. Alhamisi hii nitaupiga kutoka kwenye CD, mwanzo hadi mwisho bila kusema neno juu yake, nimekwisha kuupima kwa mono na sauti yake ipo. Kisha nitaeleza kwamba mwenyewe alitutumia kwa posta, kwamba nilipoteza jina lake kwa uzembe wangu, na nitaomba yeyote anayemtambua apige simu studioni. Wiki mbili baadaye nitaupiga tena, na wiki mbili baada ya hapo tena. Huenda na yule mpigaji simu atakuwa barabarani.