Mtoto wa miaka 11 amemaliza vitabu vya nyumbani, nimpe nini kipya? Tupo Mtwara

MamaZuhura_Chuno:
Habari zenu, wakubwa kwa wadogo. Naomba mawazo. Binti yangu yuko darasa la sita, shule ya serikali hapa hapa mjini. Anasoma kila kitu, mpaka gazeti lililofungia vitumbua analinyoosha mezani alimalize. Hadithi za sungura na fisi anasema ni za wadogo zake, na kweli naona zimemwisha. Wiki iliyopita nimemkuta na riwaya ya mjomba wake, ile ya jaladani mwanamke na bastola. Nimemnyang'anya, amenuna mpaka chakula cha usiku. Sasa nimpe nini badala yake? Kiswahili kiwe kingi, Kiingereza chake ni cha darasani tu. Ningependa vipya, maana vya zamani naambiwa lugha yake ngumu. Hela ya korosho ikitoka nitakuwa na cha kununulia, kwa hiyo mkitaja kitabu mtaje na pa kukipata. Asanteni.

Mdau_Mkanaledi:
Naweka kiti hapa. Wangu wa kiume umri huohuo, ila yeye kitabu hashiki, mpira tu. Wenye majibu mje.

MwlNewala:
Dada, kwa mtoto wa darasa la sita ningekushauri ununue kwanza vitabu vya mitihani iliyopita. Hadithi atasoma likizo. Ushindani ni mkubwa siku hizi.

Somoe_wa_Mikindani:
Mwalimu, marahaba, naitikia hata kama hujaniamkia, mie mtu mzima. Hiyo mitihani iliyopita mtoto ataikuta tu, haiendi popote. Mwenzio anauliza kitu kingine.

Mama Zuhura mwanangu, hongera. Mie nimefanya kazi muda mrefu kwenye meza ya kuazimisha vitabu shuleni, sasa nimestaafu nipo zangu Mikindani, na watoto wa mtaa wananijia barazani wakitoka madrasa. Nikwambie nilichokiona. Vitabu vya Kiswahili vya picha, vya watoto wa la kwanza na la pili, vipo. Vya sekondari vipo kwa sababu vinatahiniwa. Hapo katikati, miaka kumi mpaka kumi na tatu, rafu ina mwanya. Zuhura wako anatafuta kisa kirefu, chenye watu wanaotoka mahali kwenda mahali. Hiyo bastola kaikuta njiani tu. Usimgombeze sana.

Mie ningeanza na Marimba ya Majaliwa, cha Edwin Semzaba, kimetolewa na E & D Vision mwaka 2008. Kimemtangulia Zuhura kuzaliwa, najua umeomba vipya, lakini Kiswahili chake ndicho hiki tunachoongea. Mtoto fundi wa kupiga marimba anaibiwa marimba yake, anaingia njiani kuisaka nchi nzima. Tafuta ramani ya Tanzania, hata ile ya kalenda, uibandike ukutani anaposomea. Barazani kwangu wanagombea kidole: nani aoneshe tulipofika. Kuna mmoja anakwama kusoma maneno marefu, lakini kwenye ramani hakuna wa kumshinda, basi tumempa kazi hiyo na sasa hakosi.

Halafu Mwana Mdogo wa Mfalme. Asili yake ni Kifaransa, cha Antoine de Saint-Exupéry, kilitoka 1943. Kiswahili chake kimetolewa na Mkuki na Nyota. Hiki ni chembamba na kina michoro ya mwandishi mwenyewe. Kurasa za mwanzo kuna mchoro mmoja, wewe utaona kofia. Usiseme kitu, mpe Zuhura aangalie kwanza, kisha geuzeni ukurasa. Ila mwisho wake mtoto mwenye moyo laini analia, kwa hiyo siku ya kumaliza uwe karibu.

Hao waliokwambia vya zamani ni vigumu walivisoma kwa ajili ya mtihani, wakipigia mistari tamathali za semi. Chukua Adili na Nduguze cha Shaaban Robert, cha 1952. Kuna maneno atakwama, sikatai. Lakini kisa kiko hivi: liwali mwema, anayesifiwa na kila mtu, usiku anashuka kuwachapa viboko manyani wawili, na huku analia, na akimaliza anawahudumia kama wageni. Kwa nini? Msomee wewe kwa sauti, ufike hapo pa viboko, kisha funga kitabu ukasonge ugali. Kama hajakufuata jikoni anauliza, nirudishie hela yako ya kitabu. Ukishamaliza hicho, hutasikia tena habari ya lugha ngumu.

Cha Kiingereza kimoja, maana naye atakihitaji: The Detectives of Shangani cha Nahida Esmail. Watoto wanafuatilia siri ya vito vilivyopotea. Shangani hiyo ni ya Unguja, Mji Mkongwe, siyo Shangani yetu hapo Mtwara, mwambie mapema asije akaenda kuitafuta nyumba yenyewe ufukweni. Akifika miaka kumi na tatu, kumi na nne, mpe Ngome ya Mianzi cha Mulokozi, habari za Wahehe na Wajerumani. Kwa sasa kiache.

Jambo moja nakuomba. Akimaliza kitabu usimuulize "umejifunza nini?" Hilo swali linaua hamu. Muulize nani kamuudhi humo ndani. Utaongea naye mpaka koroboi izime.

MwlNewala:
Shikamoo Bi Somoe. Nimekupata, na sijasema hadithi ni mbaya. Tatizo langu ni darasani: nikisema nifundishe kwa kitabu cha hadithi, nitoe wapi nakala za darasa zima? Nina nakala moja ya hicho cha Shaaban Robert, tena jalada limetoka.

Somoe_wa_Mikindani:
Marahaba baba. Moja inatosha kabisa. Kipindi cha mwisho cha Ijumaa wakiwa wamechoka, wewe soma kwa sauti kurasa tatu nne, simama penye utamu. Jumatatu watakuuliza wewe. Jalada libandike na katoni ya sabuni, kazi hiyo wape wasumbufu wa nyuma.

Kijana_wa_Mtanda:
Nachangia kutoka Lindi. Kwa huyo wa kiume asiyeshika kitabu, kaka Mdau, jaribu mambo ya kweli badala ya hadithi. Mdogo wangu alikuwa vilevile mpaka nilipomwambia habari za Tendaguru. Hapa hapa kwetu, kama kilomita 60 kutoka Lindi mjini, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kuanzia 1909 hadi 1913. Wazee wetu ndio waliochimba na kuibeba mizigo kwa miguu, wengine kichwani, mpaka bandari ya Lindi. Mmoja wa dinosaria hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu ni zaidi ya mita 13. Tulitoka nje tukapima kwa hatua chini, mita 13 zilianzia mlangoni kwetu zikavuka barabara. Kuanzia siku hiyo anaomba chochote chenye dinosaria. Nilimnunulia cha mtumba cha Kiingereza chenye picha kubwa, anasoma maelezo ya chini ya picha neno kwa neno, ananiita nimtafsirie. Mimi naona hapo amekwishaanza kusoma, hata kama siyo riwaya.

Mdau_Mkanaledi:
Mita 13 kwenda juu? Na hii habari sijawahi kuambiwa shule! Leo jioni namvizia akitoka uwanjani.

Hamisi_wa_Tandahimba:
Dada Mama Zuhura, mimi nipo Dar kikazi. Pa kununulia: duka la vitabu la TPH, mtaa wa Samora, wanauza vya Mkuki na Nyota na vya wachapishaji wengine. Piga simu kwanza uulize kama kipo, usije ukatuma mtu bure. Na kabla hujatoa hela, pita maktaba ya mkoa hapo Mtwara uangalie rafu ya watoto. Mtoto anayesoma kwa kasi hiyo ukitaka kumnunulia kila kitabu utauza shamba.

Kwa habari ya vipya kabisa, fuatilia Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Ilianza kutolewa 2023, hutolewa Aprili 13, na baadaye wakaongeza kundi la hadithi za watoto. Kwa mtu anayetaka kujua nani anawaandikia watoto sasa hivi, mimi ndipo ninapoanzia. Ila tahadhari: "watoto" pale inaweza kuwa wa miaka sita, fungua kitabu uone ukubwa wa maandishi kabla hujalipa.

MamaZuhura_Chuno:
Nimewashukuru sana. Bi Somoe shikamoo, Mungu akuweke. Nimesoma majibu yenu kwa sauti, Zuhura mwenyewe alikuwa anapepeta mchele, akaacha ungo akaja kuniuliza hao manyani wamefanya kosa gani. Nimemwambia sijui, na kweli sijui. Basi naanza na hicho cha manyani na cha marimba, vingine baada ya mnada. Maktaba tutakwenda Jumamosi asubuhi. Kaka Hamisi, ukinisaidia kuvinunua nitakutumia hela kwenye simu, vije kwa basi.

Somoe_wa_Mikindani:
Marahaba mwanangu. Akishamaliza cha marimba mlete Mikindani, kuna wenzie wa kubishana nao.

Hamisi_wa_Tandahimba:
Hakuna shida dada. Nitapita Samora mwisho wa wiki, nikivikuta nakwambia bei kabla sijanunua. Njoo inboksi unipe jina la mpokeaji kama lilivyo kwenye kitambulisho, ofisi za mabasi hapo Mkanaledi siku hizi hawatoi mzigo bila kukiona.